Shule Ikihama, Uwanja ni wa Nani?

Bismillahir Rahmanir Rahim. Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote, aliyeitandaza ardhi na kuifanya makazi yetu tukiwa hai na hifadhi yetu tukifa. Rehma na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), Aali zake, Masahaba zake, na kila aliyewafuata kwa wema hadi Siku ya Malipo.

Ndugu zangu katika imani, kaka na dada, ninawausia na ninaiusia nafsi yangu kabla yenu tumche Mwenyezi Mungu. Ucha Mungu huo tumezoea kuutafuta msikitini, katika saumu, katika kuinamisha macho na kuuzuia ulimi. Leo nataka tuutafute mahali ambapo wengi wetu hupita bila kusimama: kwenye kiwanja kitupu, ambapo zamani palikuwa na shule.

Wengi mnaosoma kurasa hizi mmepanga Nsambya, Kibuli, Kabalagala au Kansanga. Nsambya mnaijua. Mwaka 1895 Kabaka Mwanga aliwapa wamisionari wa Mill Hill kilima hiki, na hadi leo kanisa lipo juu yake, pamoja na hospitali ya Mtakatifu Fransisko ambayo wengi wetu tumewahi kupeleka wagonjwa bila kuulizwa dini zao. Zipo nyumba zilizojengewa wafanyakazi wa reli, ipo kambi ya polisi, na katika sehemu hizo mbili Kiswahili kilikuwa lugha ya kazi na ya nyumbani miaka mingi kabla Baraza la Mawaziri halijaamua, mwaka 2022, kukifanya lugha rasmi. Ukisimama Nsambya ukatazama ng'ambo, unauona msikiti wa Kibuli. Kilima cha kanisa na kilima cha msikiti vinatazamana, na watoto wa pande zote mbili wanacheza mpira mmoja. Wanaucheza wapi? Popote palipobaki wazi, na palipobaki wazi panapungua kila mwaka.

Swali langu ni hili. Shule ikihama, au ikifungwa, au ikibomolewa, ardhi iliyobaki ni ya nani? Msikimbilie kujibu kwamba ni ya mwenye hati. Jibu hilo ni sahihi mahakamani, na mimi sitaki kuidharau mahakama. Lakini mbele ya Mwenyezi Mungu kuna swali la pili linalofuata la kwanza: ardhi hii iliwekwa kwa ajili ya nani, na hao walioiwekewa wamekwenda wapi?

Toka Nsambya, vuka reli, panda kuelekea Nakasero, utafika pale palipokuwa Shimoni. Palikuwa na chuo cha ualimu, na kando yake shule ya msingi ambamo walimu wanafunzi walifanyia mazoezi ya kufundisha. Mwaka 2006 shule ikaondolewa. Uganda ilikuwa inajiandaa kuwapokea wakuu wa nchi za Jumuiya ya Madola, Novemba 2007, na eneo lile likatolewa kwa mwekezaji ajenge hoteli ya nyota tano. Mwekezaji alikuwa kampuni ya Mwanamfalme Al-Waleed bin Talal wa Saudi Arabia. Watoto wakatawanywa katika shule nyingine. Chuo kikahamia Kira, nje ya jiji. Wakuu wa nchi wakaja, wakakutana, wakaondoka, na hoteli haikuwepo. Kwa miaka mingi baada ya hapo katikati ya Kampala palikuwa na uzio, na ndani ya uzio majani. Baadaye kabisa, kupitia mikono mingine, pakasimama majengo ya maduka na ofisi yanayoitwa Kingdom Kampala.

Sisimulii haya ili nimhukumu mtu. Serikali ilikuwa na sababu zake na ilizitangaza, na mwekezaji hana dhambi kwa kupewa alichoomba. Ninachotaka mkitazame ni ile miaka ya uzio. Shule haikuwepo, hoteli haikuwepo, na mtoto wa Kampala hakuruhusiwa hata kuingia kuokota mpira wake. Kama eneo lile lingeachwa wazi katika miaka hiyo tu, likapandwa miti, watu wakakaa kivulini, nani angepoteza nini? Na sisi Waislamu tusijifariji kwa jina la Kiarabu kwenye ubao wa mradi. Jina la mwekezaji kuwa Mwislamu halifanyi kitu kuwa cha kheri, kama vile jina lisilo la Kiislamu halikifanyi kuwa cha shari.

Kabla ya Uislamu, Waarabu walikuwa na desturi ambayo wanazuoni wanaieleza wanapofasiri hadithi ya hima. Mkubwa wa kabila akifika kwenye malisho mazuri, alipanda mahali pa juu na mbwa wake, akambwekesha. Sauti ilipokomea, kila upande, ndipo mpaka wake ulipofika. Ndani ya mpaka huo hakuna aliyelisha ila yeye, na nje ya mpaka alilisha pamoja na wengine. Mtume (s.a.w.) akaifuta desturi hiyo. Akafundisha, kama ilivyopokewa katika Sahihi ya Bukhari, kwamba hakuna ardhi ya kuzuiliwa isipokuwa kwa ajili ya Mwenyezi Mungu na Mtume wake. Na wanazuoni wakaeleza kuwa maana yake ni kwa manufaa ya Waislamu wote. Yeye mwenyewe alilizuia bonde la Naqi', karibu na Madina, kwa ajili ya farasi wa umma. Kwa hiyo kuhifadhi eneo la wazi ni jambo lenye asili katika dini yetu, na kujitengea peke yako lililo la wote ni jambo la Jahiliya. Mbwa wa siku hizi ni mabati. Unalala, unaamka, kiwanja kimezungukwa, na kuna mlinzi mlangoni ambaye hata yeye hamjui bosi wake.

Katika ukhalifa wake, Sayyidna Umar (r.a.) naye alihifadhi malisho, akamweka mwachwa huru wake aitwaye Hunayy kuyasimamia. Maagizo aliyompa yamo pia katika Bukhari, na kila anayetaka kuwa mhandisi wa mipango miji, diwani au waziri angefaa kuyasoma kabla ya kuapa. Alimwagiza awe mpole kwa watu na aiogope dua ya aliyedhulumiwa. Akamwambia amwingize mwenye ngamia wachache na mwenye kondoo wachache, na ajihadhari na mifugo ya Abdurahman bin Auf na Uthman bin Affan. Hebu fikirini majina hayo. Hawa ni miongoni mwa kumi waliobashiriwa Pepo, watu waliotoa mali zao kwa ajili ya dini. Umar hawatuhumu kwa lolote. Anatoa sababu ya wazi kabisa: mifugo ya hawa wawili ikifa, wanayo mitende na mashamba ya kurudia, lakini yule mnyonge, mifugo yake michache ikifa, atakuja na watoto wake mlangoni kwa khalifa akilia, na khalifa hataweza kuwaacha. Majani na maji, akasema, ni mepesi kwake kuliko dhahabu na fedha atakayolazimika kuitoa.

Haya ni mahesabu ya mtu anayemwogopa Mwenyezi Mungu. Mwenye uwezo wa Kampala anayo bustani ndani ya ukuta wake, anayo klabu yenye bwawa la kuogelea, na wikendi anapanda gari kwenda Entebbe ufukweni. Mtoto wa chumba kimoja Nsambya, ambaye nyumbani kwao kitanda, jiko na daftari la shule vyote viko mahali pamoja, hana mahali pengine pa kunyoosha miguu ila kile kiwanja. Ukikifunga, hutamwona akilia mlangoni kwako, kwa sababu watoto wa siku hizi hawaji kwa khalifa. Utamwona baada ya miaka sita mahali pengine, na hapo gharama haitakuwa ya majani na maji.

Kuna jambo jingine katika maneno ya Umar ambalo mara nyingi hatulisomi hadi mwisho. Alikiri kwamba wenyeji wa eneo lile walikuwa wakimwona amewadhulumu, na akasema kwamba ardhi ile ni yao kweli, waliipigania katika Jahiliya na wakasilimu wakiwa juu yake, na lau si wanyama wa kazi ya umma asingewazuilia hata shibiri moja. Kwa hiyo hata aliyekuwa anahifadhi kwa ajili ya wote aliona uzito wa kumgusa mwenyeji. Atakayesema hifadhi ni kisingizio cha kuwafukuza maskini, asome maneno haya. Uwanja unaohifadhiwa kwa kuwavunjia watu vibanda vyao usiku bila fidia haukuhifadhiwa kwa ajili ya Mwenyezi Mungu.

Turudi kwenye shule iliyohama. Katika fiqhi ya wakfu, tunajua asili ya jambo: Umar alipopata ardhi Khaybar, alimwendea Mtume (s.a.w.) kutaka ushauri, naye akamwelekeza aizuie asili yake na kuyatoa matunda yake, isiuzwe, isitolewe zawadi, isirithiwe. Wanazuoni wakajadili: je, lengo la wakfu likikoma? Madrasa imebaki bila wanafunzi, msikiti umebomoka na watu wamehama. Madhehebu ya Imam Shafi, ambayo wengi wetu Afrika Mashariki tunayafuata, yana ukali katika hili: jengo likianguka, ardhi inabaki wakfu. Wanazuoni wa Hanbali wameruhusu kuubadilisha wakfu uliokosa manufaa, kwa sharti mbadala wake utumike kwa lengo lile lile au lililo karibu nalo zaidi. Wanatofautiana katika njia, lakini wote wanaona kuwa kuondoka kwa jengo hakumfanyi mlengwa awe mgeni.

Najua mwanafunzi wa sharia ataninyooshea kidole hapa. Ardhi ya shule ya serikali si wakfu kwa maana ya fiqhi, hakuna mtu aliyetamka maneno ya wakfu juu yake. Sawa kabisa. Lakini ni amana, na amana ina ndugu wa karibu katika sheria ya nchi. Katiba ya Uganda ya mwaka 1995, katika ibara ya 237, inasema kuwa serikali inashikilia maziwa, mito, ardhi oevu, misitu na ardhi iliyotengwa kwa manufaa ya mazingira kama amana kwa ajili ya wananchi. Uwanja wa shule haukutajwa kwa jina humo. Ila ibara ya 39 inampa kila Mganda haki ya mazingira safi na yenye afya, na Sheria ya Mipango ya mwaka 2010 imeitangaza nchi nzima kuwa eneo la kupangwa, maana yake hakuna kipande cha ardhi ambacho mtu anaweza kukibadilisha matumizi kwa kukurupuka tu. Kiini cha fikra ya wakfu na cha fikra ya amana ya umma ni kimoja: anayeshika si anayemiliki. Na ukikubali hilo, kanuni ya wanazuoni inakuongoza. Shule ilikuwa kwa ajili ya watoto wa mtaa. Shule imehama, watoto wapo. Matumizi yaliyo karibu zaidi na lengo la kwanza ni yale yanayowarudia watoto wale wale: uwanja, kivuli, mahali pa kusomea nje, mahali pa jirani kukutana. Maduka yanaweza kuwa jambo jema, lakini hayako karibu na lengo hilo.

Hapa sasa niseme neno ambalo baadhi yenu hamtalipenda.

Tukiona kiwanja kitupu, wazo la kwanza la kijana wa jumuiya ya wanafunzi ni kujenga msikiti. Tuweke mabati, tutandike mikeka, tusali Adhuhuri mara tatu, na basi, nani atathubutu kuubomoa msikiti? Nimewasikia watu wazima wakiita hivyo ni kuiokoa ardhi. Ndugu zangu, huko ni kumbwekesha mbwa wa Jahiliya kwa lafudhi ya adhana. Msikiti wa Mtume (s.a.w.) mjini Madina ulijengwa mahali palipokuwa uwanja wa kukaushia tende, mali ya mayatima wawili, Sahl na Suhayl. Vijana wale walitaka kuutoa bure, na Mtume akakataa kuupokea kama zawadi mpaka akaununua. Huyo ni Mtume wa Mwenyezi Mungu, katika mji uliompokea kwa shangwe, anajenga nyumba ambayo sala moja ndani yake inazidi sala elfu kwingineko isipokuwa Msikiti Mtukufu wa Makka, na bado hakuanza mpaka haki ya mayatima ilipokuwa imelipwa. Na wanazuoni wametofautiana kuhusu sala inayosaliwa katika ardhi iliyoporwa: mashuhuri kwa Hanbali ni kwamba haisihi, na walio wengi wanasema inasihi lakini mwenye kuisali ana dhambi. Nani anataka kumpelekea Mola wake sala ya namna hiyo?

Tena, eneo la wazi halihitaji kugeuzwa msikiti ili liwe na kazi katika dini. Mtume (s.a.w.) alikuwa akitoka kwenda kusali Idi mahali pa wazi nje ya msikiti wake, na aliamuru wanawake wote watoke, hata walio katika hedhi, wakae kando wahudhurie kheri na dua. (Imam Shafi aliona msikiti ni bora ukiwaenea watu, lakini tuambizane ukweli, ni msikiti gani Kampala unatuenea siku ya Idi?) Siku ya Idi pia Wahabeshi walicheza kwa mikuki yao ndani ya msikiti, na Mtume akamsitiri Bi Aisha (r.a.) huku akitazama mpaka akatosheka mwenyewe. Ibn Umar (r.a.) amesimulia mashindano ya farasi yaliyoandaliwa na Mtume, akitaja mahali pa kuanzia na pa kumalizia, na yeye mwenyewe alikuwa miongoni mwa walioshindana. Mji wa Madina ulikuwa na nafasi ya kusali, ya kucheza, ya kushindana, ya kuuza na kununua. Mji usio na nafasi hizo umekosa kitu katika sura ya Madina, hata ukiwa na minara mia.

Kiwanja cha Nsambya kikibaki wazi, Mkatoliki atafanyia sherehe ya parokia yake, sisi tutasali Idi yetu, na siku zilizobaki ni mpira na nguo kuanikwa. Huko ndiko kukifanya kiwe salama. Kitu kinachodaiwa na kundi moja kina adui mmoja mmoja kila upande. Kitu kinachotumiwa na wote, atakayekigusa ataona mtaa mzima umesimama.

Tazameni Nairobi. Mwaka 1906 Alibhai Mulla Jeevanjee, mfanyabiashara Mwislamu wa jamaa ya Bohora aliyetokea Karachi, aliwapa watu wa mji ule bustani katikati ya mji. Wakati huo Nairobi ilikuwa mji mchanga wa reli, na ardhi ile angeweza kuitia maduka akazidi kutajirika. Alikufa mwaka 1936. Mwaka 1991 ukaja mpango wa kuijenga bustani ile. Miaka miwili nyuma Wangari Maathai alikuwa amesimama kuupinga mnara wa ghorofa 60 katika Uhuru Park, kwa hiyo watu walikwisha kujua kwamba kusema hapana kunawezekana, na pia walijua bei yake. Mjukuu wa Jeevanjee, Zarina Patel, akasimama kuitetea bustani ya babu yake, wananchi wakasimama naye, na mpango ukaanguka. Nendeni leo saa ya chakula cha mchana: wahubiri, wapiga picha, wabishani wa siasa, vijana wasio na kazi waliolala kwenye majani. Zaidi ya miaka mia moja baadaye mtu asiye na shilingi mfukoni bado anapumzika katika sadaka ya yule mzee. Ikiwa sadaka yenye kuendelea ina picha, mojawapo ni hiyo.

Na Januari 2015, katika mji huo huo, wanafunzi wa Shule ya Msingi ya Lang'ata Road walirudi kutoka likizo wakakuta ukuta umekata uwanja wao wa michezo. Wakatoka na wanaharakati kuusukuma ukuta ule. Polisi wakawarushia mabomu ya machozi, watoto wa shule ya msingi, wakiwa na sare. Picha zikazunguka dunia, serikali ikaona aibu, na uwanja ukarudi kwa watoto. Baadaye watu wakagundua jambo la kushangaza zaidi ya ukuta wenyewe: shule nyingi za umma Kenya hazikuwa na hati za ardhi kabisa. Watu walidhani kwamba kwa kuwa kila mtu anajua hii ni shule, basi inatosha.

Haitoshi, na sisi Waislamu wa Uganda tunajua hivyo kuliko wengine. Mzozo wa mali za Waislamu uliolipuka katikati ya miaka ya 2000 uliigawa jumuiya yetu baina ya Old Kampala na Kibuli, na majeraha yake mengine hayajapona. Wakati huo huo, kilima cha Kibuli chenyewe ni ushahidi wa upande wa pili. Mwanamfalme Badru Kakungulu, mtoto wa Nuhu Mbogo, alitoa ardhi yake pale, na leo juu yake kuna msikiti, shule, chuo cha ualimu na hospitali. Baadhi yenu mnasoma hapo hapo. Alifariki mwaka 1991, na bado mnakanyaga alichotoa kila asubuhi mnapokwenda darasani. Mtu mmoja alitoa, na watu wengi walisimama kukilinda.

Sasa, mwanafunzi asiye na ardhi, asiye na cheo, anayedaiwa kodi ya hosteli, afanye nini? Anaweza mengi kuliko anavyodhani. Mnaosoma sheria mnajua kupekua daftari la ardhi. Mtaani kwetu watu wananong'ona miaka mitatu kuhusu nani amenunua kiwanja, na hakuna aliyekwenda kuangalia. Mnaosoma upimaji mnaweza kuchora ramani ya eneo, miti na njia za maji. Bonde lililo chini ya Nsambya linafurika kila mvua kubwa ikinyesha, na kila paa jipya linaongeza maji huko, hoja ambayo hata asiyejali watoto ataisikiliza. Mnaosoma udaktari mnajua kinachompata mtoto asiyekimbia. Mwenyekiti wa LC 1 ana mlango, na kata ya Makindye ina ofisi. Nendeni kwa adabu, nendeni na maandishi, nendeni mkiwa na padri wa parokia na mama muuza chapati, wala msitangulize bendera ya jumuiya yetu. Mkiambiwa kuwa ardhi ina mwenyewe halali, aliyeinunua kwa haki na kulipa, basi haki yake iheshimiwe. Aombwe, anunuliwe, au aachwe. Mtume (s.a.w.) ametuonya kwamba anayechukua shibiri ya ardhi kwa dhulma atafungwa nayo shingoni kutoka ardhi saba, na onyo hilo halikumtoa mnyang'anyi mwenye nia nzuri.

Na kuna kazi moja ambayo haihitaji shahada. Ardhi ya umma hupotea kwanza katika kumbukumbu. Mtu akisema hapa hapakuwa na shule, palikuwa pori tu, nani atampinga? Wapo walimu wastaafu, wapo wapishi wa zamani wa shule, wapo askari na wafanyakazi wa reli waliosomesha watoto wao mahali fulani na wanakumbuka kengele ilining'inia kwenye mti gani, goli lilikuwa upande upi, nani aliupanda ule mwembe. Kaeni nao, muwaite mzee na mama kama inavyostahiki, waandikieni wanayosema kwa Luganda, kwa Kiswahili, kwa lugha yoyote, na tarehe, na wakiridhia waweke sahihi au alama ya kidole. Wengi wao wamekwisha pita miaka sabini. Muhula huu una wiki chache zilizobaki kabla ya mitihani, na Jumamosi asubuhi wengi wetu tumelala.

Ewe Mola, wape watoto wa mtaa huu mahali pa kukimbilia, na utuepushe na kula kilicho chao. Wabillahi taufiq. Wassalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.